Macho hufichua tunachopenda, si tunachoelewa

MTU anaposoma, macho yake hayatiririki juu ya mstari. Huruka kutoka neno hadi neno, yakitua kila mara kwa takribani robo ya sekunde. Daktari wa macho Mfaransa, Louis Émile Javal, aliandika kuhusu miruko hiyo mwishoni mwa miaka ya 1870.

Siku hizi mwendo huo hupimwa kwa kamera. Kifaa humulika jicho kwa mwanga wa infraredi usioonekana. Kamera hunasa mwanga unaoakisiwa na konea, yaani utando angavu ulio mbele ya jicho, pamoja na mahali ilipo mboni. Kompyuta hukokotoa anapotazama mhusika.

Je, kuna wapendao picha na wapendao maneno? Wapo. Utafiti wa Marta Koć-Januchta na wenzake, uliochapishwa mwaka wa 2017, uliwapima wanafunzi wa chuo kikuu nchini Ujerumani wakisoma matini yenye michoro. Wapenda picha walikawia kwenye michoro, nao wapenda maneno wakakawia kwenye maandishi.

Hata hivyo, wapenda picha ndio walioelewa vyema zaidi. Hivyo basi, kufuata apendacho mtu si lazima kumfae.

Awali, mwaka wa 2008, Harold Pashler na wanasaikolojia wenzake watatu wa Marekani walichunguza dai kwamba kila mwanafunzi afunzwe kwa mtindo aupendao. Hawakupata ushahidi wa kutosha wa kulitetea.

Aidha, macho hutawaliwa na swali. Mtafiti wa Kisovieti, Alfred Yarbus, alionyesha kuwa mtu yule yule, akitazama mchoro ule ule, hupeleka macho kwingine akiulizwa umri wa waliochorwa badala ya utajiri wao. Isitoshe, jicho laweza kukawia mahali kwa kuvutiwa au kwa kutatizika, kifaa hakitofautishi.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini mwalimu anayemwita mtoto "mtu wa picha" na kumwepusha na maandishi humpunguzia elimu, kwani mtihani wa jiografia humtaka asome ramani na pia aandike maelezo.

Lifaalo ni kumpa vyote viwili: mchoro ulio wazi, maneno machache kando ya sehemu yanayoieleza, na swali la kuyaongoza macho yake.