Tarehe ya Max Linder, Ustadhi wa Vichekesho Bubu

Vichekesho vya sinema bubu asili yake ni Ufaransa, na mwenye nyumba ni Max Linder, aliyezaliwa 1883 karibu na Bordeaux. Walimtangulia akina Lumière, na mtunza bustani wa filamu yao aliyerowa maji mwaka 1895; yupo pia mchekeshaji André Deed, aliyesifika Torino. Lakini Linder, aliyeingia kampuni ya filamu ya Pathé mwaka 1905, ndiye aliyempa mchekeshaji utu: bwana mtanashati, kofia ya hariri kichwani, fimbo mkononi, na fedheha ikimwandama kila anapojitahidi kulinda heshima yake. Wanaodai kwamba fani hii ilizaliwa California waitazame miaka. Studio ya Keystone ya Mack Sennett ilianza 1912, na Sennett mwenyewe alikiri kwamba alichota kwa Wafaransa. Chaplin alipotokea mara ya kwanza, 1914, katika Making a Living, hakuvaa matambara. Alivaa kibwana, kofia ndefu na yote, kama Max. Baadaye alimtunukia picha aliyoiandika kwa mkono wake, akimwita Max mwalimu na kujiita mwanafunzi. Shahidi gani mkubwa kuliko huyo?

Hapa lazima tusimame kwenye mchezo wake wa kioo. Katika filamu yake Seven Years Bad Luck ya 1921, watumishi wanavunja kioo cha bwana wao. Ili asigundue, mpishi anavaa kama yeye, anasimama nyuma ya fremu tupu na kuigiza kila anachofanya Max akijinyoa. Max anashuku, anapima, anategwa, mwishowe anajua. Anaporudi kulipiza kisasi, kumbe kioo kipya kimeshawekwa, naye anakivunja. Wabishi husema mchezo huo ulikuwapo jukwaani zamani, na Chaplin aliugusa mwaka 1916 katika The Floorwalker. Ni kweli. Ila huko ni watu wawili wanaofanana tu; kwa Linder hila ina sababu, ina woga wa watumishi, na ina adhabu.

Turejee kwenye hadhi ya Linder. Husemwa pia kwamba kama angekuwa mkubwa kiasi hicho asingesahauliwa. Hoja hiyo haisimami. Vita vya 1914 viliidhoofisha afya yake, akafa 1925, na filamu zake nyingi zikapotea. Binti yake Maud, aliyeachwa mchanga, ndiye aliyezitafuta zilizosalia, na mwaka 1963 akazirudisha kwa watazamaji katika En compagnie de Max Linder.