Bati Lilipoziba Njia ya Moshi: Paa na Jiko katika Nyumba za Mara

Alfajiri za kipupwe, katika jiko la bibi yangu nje kidogo ya mji wa Bunda, matone mazito ya kahawia hudondoka kutoka kwenye bati. Si mvua. Ni moshi wa jana, uliopanda ukagusa bati lililopoa usiku, ukageuka maji ya masizi. Yakidondokea kanga, sabuni haiyatoi. Bibi hufunika sufuria ya uji kwa ungo, kisha huendelea kupuliza moto huku macho yamemwiva. Nilimwuliza kama jikoni kwa mama yake nako kulidondoka hivyo. Alijibu kwa mkato: “Kule palikuwa na nyasi, mjukuu wangu.”

Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika. Tumezoea kuuhesabu moshi wa jikoni kuwa masalia ya zamani, kitu kinachosubiri maendeleo yakifute. Historia ya nyumba za mkoa wa Mara inaeleza vingine. Sehemu kubwa ya moshi unaotuumiza leo imeletwa na nyumba mpya: tulibadili paa bila kubadili jiko, na moshi ukakosa pa kupitia.

Nyumba ya msonge ya Wazanaki wa Mara, kama za majirani zao wengi, haikuwa na tundu la moshi, lakini paa lake lilipumua. Moshi ulipanda polepole hadi kileleni, ukajichuja katikati ya nyasi na kutokea nje. Aliyetazama kwa mbali asubuhi aliona paa zima likifuka. Njiani ulikuwa na kazi. Ulifukuza wadudu waliotafuna nyasi na fito, ulikausha mbegu za mtama na ulezi zilizowekwa juu ya uchaga, ulipunguza mbu. Sisemi kwamba mapafu ya wakazi yalisalimika. Aliyelala humo alivuta moshi, na si haki kuipamba nyumba ile kwa sababu tu haipo tena. Ninachosema ni kwamba ilijengwa na watu waliojua kuwa ndani yake mtawaka moto.

Moto huo ndio uliokuwa kipimo cha kaya. Kiswahili bado husema mtu amepata jiko, yaani ameoa. Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, aliyefariki mwaka 1942, alikuwa na wake 22, na mwanawe Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alikulia katika nyumba ya mama yake, Mugaya. Kila nyumba ya mke ilikuwa na mafiga yake. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, kwa kweli walikuwa wakihesabu meko, jambo ambalo Bunge la Uingereza lilikuwa limelifanya waziwazi mwaka 1662 lilipotoza shilingi 2 kwa mwaka kwa kila meko.

Uingereza hiyo hiyo inafaa kutazamwa kwa karibu, maana wengi hudhani dohani, yaani bomba la kutolea moshi, ilikuwapo kule tangu na tangu. Majumba ya wakuu yalikuwa nayo mapema, lakini kwa karne nyingi moto wa mkulima uliwaka katikati ya ukumbi na moshi ukajitafutia njia paani. William Harrison, kasisi wa kijiji cha Radwinter, aliandika mwaka 1577 kwamba wazee wa kwao walistaajabia wingi wa dohani zilizojengwa katika maisha yao. Akaeleza pia jambo ambalo mzee wa Butiama angelitambua mara moja: kwamba zamani moshi uliaminika kukomaza mbao za nyumba na kumkinga mwenye nyumba na mafua. Kule, nyumba na njia ya moshi vilibadilika pamoja. Tofali la kuchoma lilipomfikia mtu wa kawaida lilijenga dohani, na vyumba vya juu vikafuata kwa kuwa moshi haukutawala tena nafasi yote ya chini ya paa. Pwani yetu nayo ilipata jibu lake: katika nyumba za mawe za Lamu jiko lilipandishwa juu kabisa, kwenye kidari cha meko, karibu na anga.

Mara ilibadilika upande mmoja tu. Bati lilikuwa limetangulia kuonekana kwenye misheni, shule na maduka, lakini Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliharakisha mambo. Watu walihama, wakajenga upya nyumba za pembe nne kwenye viwanja vya mstari, na aliyejaliwa akaezeka bati. Sina ugomvi na bati. Haliungui, halihitaji kuezekwa upya kila baada ya misimu michache, na nyasi za kuezekea zimekuwa adimu. Nyerere mwenyewe, mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, aliwalaumu wananchi kwa kung'ang'ania saruji na bati ilhali udongo wa kuchomea matofali na vigae wanaukanyaga. Juu ya udongo nakubaliana naye kabisa. Lakini hata lawama hiyo ya mzaliwa wa Butiama ilihusu kitu cha kujengea. Mwanamke aliyeinamia mafiga chini ya paa hilo hakuingia katika hoja. Jiko lake lilitolewa uani, likajengewa kibanda, na kibanda kikaezekwa mabati makuukuu yaliyotoka nyumba kubwa.

Wakati huohuo kuni zilipungua. Sangara, aliyepandikizwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na 1960, alijaa nyavuni katika miaka ya 1980. Kwa sababu ya mafuta yake haanikwi juani kama dagaa. Hubanikwa, na kubanika kunakula kuni. Bunda, kwenye tambarare za pamba, wengi hupikia mabua ya mahindi na miti ya pamba iliyong'olewa baada ya mavuno. Vitu hivyo huwaka na kuisha upesi, hutaka kuchochewa kila mara, na hufuka kuliko gogo kavu la mgunga. Kwa hiyo moshi ulizidi pale pale njia yake ilipozibwa.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa uchafuzi wa hewa ya majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Anayewapenda mama zake hawezi kuupinga mkakati huo, nami siupingi. Lakini mtungi wa gesi wa bibi huchemsha chai. Makande na maharage hubaki kwenye mafiga, kwa kuwa chungu cha saa tatu kinamaliza gesi ya wiki. Nyumba za namna hii zitaishi na mioto miwili kwa miaka mingi, na swali la watu wanapikia nini halitoshi bila swali la wanapikia wapi. Nimeona majiko banifu yenye bomba yaliyoletwa na miradi yakipasuka na kuachwa, na nimesikia ikisemwa kuwa dohani haitufai. Yale niliyoyaona yalikuwa yamepachikwa ndani ya kibanda kilichokwisha kujengwa, bomba likaishia chini ya kipeo cha paa, upepo ukarudisha moshi ndani. Kosa hilo ni la ujenzi.

Dohani, neno lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya moshi, si tundu tu. Hewa ya moto hupanda kwa wepesi wake; bomba likiwa refu na lenye joto huvuta kwa nguvu zaidi, mradi hewa baridi ipate pa kuingilia chini. Musoma, ambako mchana upepo huvuma kutoka ziwani, fundi anapaswa kuuliza upepo unatokea wapi kabla ya kuweka mlango wa jiko. Matofali ya kuchoma yapo, mafundi wa kuyajenga wapo, na dohani nzima haihitaji matofali mengi kuliko yanayozunguka choo. Hata hivyo katika ramani za nyumba ninazoonyeshwa na ndugu na marafiki, jiko ni mraba mtupu nyuma ya nyumba.

Mwaka jana fundi alikuja kurekebisha ukuta wa jiko la bibi. Bibi akamwamuru atoe matofali manne chini kidogo ya bati, upande wa mashariki, usioelekea ziwani. Fundi alitaka kuyarudisha na kupiga lipu, nyoka wasije wakapita. Bibi alikataa, akapigilia hapo kipande cha wavu wa dagaa. Upande huo matone yamepungua. Juu ya mafiga bado yanadondoka.