Kizuizi cha umeme cha Romeoville

Kizuizi cha umeme cha Romeoville ni kinga iliyowekwa katika mfereji wa meli wa Chicago, jimbo la Illinois, Marekani, ili karpu wa Asia wasifike Ziwa Michigan. Mfereji huo, uliofunguliwa mwaka 1900, uliunganisha Maziwa Makuu na bonde la mto Mississippi. Njia ya biashara ikawa pia njia ya samaki.

Karpu hao waliingizwa kusini mwa nchi miaka ya 1970 kusafisha mabwawa ya ufugaji na ya majitaka, wakatoroka. Huchuja vijimea na vijidudu vinavyoelea majini, chakula kilekile cha vifaranga vya samaki wenyeji. Karpu-fedha, aina mojawapo ya karpu hao, akishtuliwa na mngurumo wa mashine huruka hadi mita 3, na watu wamejeruhiwa wakiwa ndani ya mashua zao.

Kizuizi cha kwanza kiliwashwa mwaka 2002. Vyuma vilivyolazwa chini ya mfereji hupiga umeme majini. Samaki anayesogea hugeuka au hupooza. Tatizo kubwa ni matishari: chuma chake hudhoofisha umeme, na samaki wadogo huweza kupenya katika nafasi iliyo kati ya tishari na tishari. Umeme pekee hautoshi. Desemba 2009, kizuizi kilipozimwa kwa matengenezo, sehemu ya mfereji ilitiwa sumu ya rotenoni. Wanaostahili sifa zaidi ya wanayopewa ni wavuvi wa mikataba wanaokokota nyavu katika mto Illinois, wakipunguza samaki kabla hawajafika mferejini. Mwaka 2022 karpu hao walipewa jina jipya la sokoni, copi, ili waliwe kwa wingi.