Frere Town na Kengeleni

Kijiji cha Frere Town, ng'ambo ya kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, kilianzishwa na misheni ya CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Jina ni la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyetumwa Unguja kuhusu biashara hiyo, iliyopigwa marufuku kwa mkataba wa 1873. Pwani ilikuwa milki ya Sultani. Lakini ndani ya kijiji mwamuzi wa mashauri alikuwa msimamizi wa misheni, ambaye hakuchaguliwa na mkazi yeyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 adhabu ya viboko ilizua kashfa iliyofika hadi Uingereza. Ajabu ni kwamba waliochapwa waliitwa watu huru.

Wakazi, Wayao, Wamakua na wengineo, waliunganishwa na Kiswahili, na kwa Kiswahili wakapataja mahali pao upya: Kengeleni. Halikuwa jina la mkubwa, bali la kengele iliyowaita ibadani na kuwatahadharisha. Tangu 2013 Frere Town ni wadi ya Nyali, yenye mwakilishi wa kupigiwa kura. Na mnara wa kengele ungali umesimama kando ya barabara.