Jiliwa la Mguu, Mkono wa Tatu wa Fundi

Kidole kimoja hakivunji chawa, wasema wazee. Mhunzi hulijua neno hili kuliko wengine. Mkono wake mmoja washika mpini wa tupa, wa pili waikandamiza ncha yake. Je, nani atakishika chuma? Kwa haja hiyo lilibuniwa jiliwa, ambalo sisi katika Kongo tumezoea kuliita etau, kwa neno la Kifaransa.

Nguvu za jiliwa zimo katika parafujo. Watu wa kale waliijua: katika karne ya kwanza Heron wa Alexandria alieleza mashinikizo ya kukamulia zeituni yenye parafujo ya mti. Parafujo ya chuma ilichelewa, maana kuitengeneza ni kazi ngumu. Katika karne ya 16 wahunzi wa Ulaya walikuwa nayo, wakaunda jiliwa la mguu: taya mbili za chuma kilichofuliwa, springi ya kuzitanua, na mguu mrefu unaofika chini. Fundi apigapo nyundo, pigo hupita mguuni likaishia ardhini. Majiliwa ya chuma cha kusubu, yaliyoenea katika karne ya 19, yafaa sana kwa kazi ya tupa, lakini yakipigwa mno hupasuka.

Wahunzi wa zamani walichonga parafujo kwa tupa. Ili kupata nati, walizungusha utepe wa chuma katikati ya meno ya parafujo, wakautia ndani ya bomba, wakaulehemu humo kwa shaba. Basi kila nati ilikubali parafujo yake tu, kama kufuli na ufunguo wake. Karibu na mwaka 1800 Henry Maudslay, fundi wa London, alitengeneza mashine bora ya kukereza parafujo za chuma. Na mwaka 1841 Joseph Whitworth, aliyewahi kufanya kazi kwake, akapendekeza kipimo kimoja cha meno kwa Uingereza yote.

Na vyombo vizito vya namna hii vilifikaje kwetu? Mapadri Weupe walipopokea Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, mwaka 1885, mizigo ya pwani ilikuja juu ya vichwa vya wapagazi, kila mtu kilo 30 hivi. Jiliwa kubwa hupita kilo 50, ila laweza kufunguliwa vipande vipande. Mwaka 1910 reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mwaka uliofuata wakaja Wasalesiani, wakafundisha vijana kazi za mikono, kwa mfano wa Mtakatifu Yohane Bosco aliyefungua karakana ya wahunzi huko Torino mwaka 1862.

Majiliwa ya kikale yangaliko, lakini mengine yamelala katika kutu, na wenyewe huyauza kwa kilo kama chuma cha kuyeyushwa. Hiyo ni hasara kubwa, kwani mengi yangali na nguvu.

Tukitaka kununua, tufungue kwanza parafujo yote. Meno yakiwa mapana bado, ni mazima. Yakiwa makali kama kisu, yamekwisha. Halafu tubane kipande cha mti kwa nguvu: parafujo ikiteleza, nati imekufa. Wala tusikubali kutenganisha nati na parafujo yake. Springi ikikosekana tusihuzunike. Mhunzi aweza kuifua kutoka springi kuukuu ya gari. Kutu huondoka kwa mafuta ya taa, brashi ya waya na saburi.

Kulisimamisha ndiko kunakotaka akili. Tuchimbie nguzo nene ya mti mgumu, tuifunge pamoja na meza ya kazi. Mguu wa jiliwa ukae juu ya gogo gumu au jiwe, usining'inie. Ukining'inia, pigo lote litaangukia meza na kuivunja. Juu ya taya pawe sawa na kiwiko cha fundi, na taya zipite kidogo ukingo wa meza, ili chuma kirefu kiweze kusimama wima.

Enyi wakubwa wa shule na wa misioni, kabla ya kuuza vyuma vya stoo, mwiteni fundi avitazame. Kijana atokaye shuleni na cheti bila chombo ni kama mkulima asiye na jembe.