Funzo la Mahindi Lililotangulia Korona Ukambani

Kila maradhi makubwa yanapoingia Kenya, lawama ya kwanza huwaangukia watu wa mashambani: ati hawana habari, au wanazo na wanazipuuza. Historia ya Machakos inanifanya niikatae lawama hiyo. Mwaka 1981, watu 20 wilayani humo waliugua ini kwa kula mahindi yenye aflatoksini, sumu itokanayo na kuvu, 12 wakafa. Mwaka 2004 sumu ilirudi Makueni, Kitui, Machakos na Thika, ikaacha wagonjwa 317 na vifo 125. Wachunguzi walikuta familia nyingi zilizoathirika zilikuwa zimeweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba. Ghala walilijua vizuri, ila chakula kilikuwa haba na wezi walihofiwa. Baadaye Wizara za Afya na Kilimo pamoja na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, zilifundisha namna ya kukausha na kuhifadhi nafaka, na waliopata mafunzo walipopimwa, damu yao ilikuwa na sumu kidogo kuliko ya wasioyapata. Mtetezi wa uhamasishaji atasema hiyo ndiyo hoja yake, nami naikubali. Lakini tuangalie kilichofundishwa: kuanika mahindi vizuri na kuyainua kutoka sakafuni. Jua la Ukambani halinunuliwi.

Korona ilidai mengine. Kisa cha kwanza kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na redio za Kikamba kama Musyi FM zikafikisha maagizo vijijini. Kule Muthetheni, katika eneo bunge la Mwala, nchi ni kame, na kunawa kila mara kwa maji yanayotiririka ni agizo linalogusa mtungi wa kunywa na kupikia. Kibuyu chirizi, chombo cha kunawia kinachoning'inizwa, kilisaidia kwa kuwa hutumia maji machache, ingawa lazima kijazwe. Asiyevaa barakoa hadharani alikabiliwa na faini ya hadi shilingi 20,000. Tena, kuanzia tarehe 6 Aprili hadi Julai, Nairobi ilifungwa pamoja na Athi River, hivyo kaunti ya Machakos ikakatwa vipande viwili, Muthetheni ikabaki nje ya mpaka huo, mbali na jamaa wanaotuma pesa nyumbani. Wapo wanaosema bila faini na kafyu watu wasingetii. Ni kweli kwamba kufunga mapema kuliipa hospitali muda wa kujiandaa. Ila faini haichoti maji, na mwenye kibarua cha kutwa hakai nyumbani kwa kuogopa tu.

Ndiyo maana, nikiulizwa ni nani aliyejiandaa kwa Korona Machakos, nitataja kikundi cha Utooni cha Kola, kilichoanza mwaka 1978 na kujenga mitoni mabwawa ya mchanga ya kuhifadhi maji miongo kadhaa kabla ya virusi hivyo kujulikana. Bajeti ya kupambana na janga lijalo ingepaswa kuwa na fungu la mabwawa hayo, hata Mwala.