Rangi na Jirani Zake

Majina mengi ya rangi katika lugha yetu yameazimwa kutoka katika vitu. Kijani kimetoka katika majani, kijivu katika majivu, zambarau katika tunda, na manjano katika mzizi ule utiao mchuzi rangi. Majina hayo hutufanya tudhani ya kuwa rangi ni mali ya kitu chenyewe, kama uzito ulivyo mali ya jiwe. Elimu ya miaka mia tatu na zaidi imethibitisha kwamba dhana hiyo ni nusu tu ya kweli.

Karibu na mwaka 1666, Isaac Newton wa Uingereza alitia giza chumba chake, akaacha tundu dogo dirishani, akaupitisha mwali wa jua katika kioo cha pembe tatu. Mwali mweupe ukatawanyika, ukawa rangi za upinde wa mvua. Alipozikusanya rangi hizo kwa lenzi, weupe ukarudi. Uvumbuzi huo aliutangaza mwaka 1672, akaueleza kwa urefu katika kitabu cha mwaka 1704.

Mchoraji aliyesikia habari hizo alikuwa na haki ya kushangaa. Yeye alijua ya kuwa rangi zote zikichanganywa katika kibao hazileti weupe, bali huleta weusi wa matope. Je, nani alikuwa mkweli? Wote wawili. Mchapaji Jacob Christoph Le Blon, aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1667, alichapa picha za rangi nyingi kwa mabamba ya rangi tatu: nyekundu, manjano na buluu. Katika kitabu alichokitoa London karibu na mwaka 1725, alipambanua rangi za nuru na rangi za kushikika. Za kwanza zikikutana zote hutoa weupe. Za pili zikikutana zote hutoa weusi.

Sababu yake ilielezwa vyema mwaka 1852 na Hermann von Helmholtz wa Ujerumani. Nuru juu ya nuru ni kuongeza, lakini rangi ndani ya rangi ni kupunguza. Rangi ya manjano humeza nuru ya buluu. Rangi ya buluu humeza nuru nyekundu na ya manjano. Zikichanganywa, nuru ambayo husalimika zaidi ni ya kijani, nayo ndiyo ifikayo jichoni. Kila rangi iongezwayo ni kinywa kingine cha kumeza nuru. Kwa hiyo mchanganyiko wa rangi nyingi mno hufifia.

Lakini lilibaki fumbo jingine, nalo lilitishia jina la karakana mashuhuri. Gobelins ya Paris ilifanywa karakana ya mfalme wa Ufaransa mwaka 1662, na sifa yake ilikuwa kufuma mapazia ya ukutani yenye picha. Mwaka 1824 mkemia Michel Eugène Chevreul aliteuliwa kuwa mkuu wa utiaji rangi. Alikuta malalamiko: nyuzi nyeusi za kutilia vivuli katika mavazi ya buluu na zambarau zilionekana dhaifu na zimepauka. Lawama iliwaangukia watia rangi.

Chevreul hakuharakisha kuhukumu. Alizilinganisha sufu nyeusi za Gobelins na za karakana nyingine, akaona ya kuwa za Gobelins hazikuwa hafifu. Basi dosari haikuwa katika pipa la rangi. Ilikuwa katika ujirani. Rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja huonekana kumtia jirani yake dalili ya rangi iliyo kinyume chake. Buluu humpaka jirani uchungwa. Kwa hiyo weusi ulio kando ya buluu hupungua nguvu machoni, ingawa uzi haukubadilika. Watia rangi hawakuwa na hatia. Mwaka 1839 Chevreul alichapisha kitabu juu ya kanuni hiyo.

Wachoraji waliitumia elimu hiyo. Georges Seurat, katika picha yake kubwa ya kisiwa cha La Grande Jatte iliyoonyeshwa mwaka 1886, aliweka vitone vya rangi kando kwa kando ili jicho livichanganye. Chevreul alifariki mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 102.

Mwanafunzi anayeanza kuchora na azingatie jozi hizi tatu: nyekundu na kijani, buluu na chungwa, manjano na zambarau. Jozi hizo zikikaa kando kwa kando, hutiana nguvu. Zikichanganywa katika kibao, huuana zikawa hudhurungi au kijivu. Atakaye kuutuliza wekundu mkali na atie kijani kidogo. Tena na akate vipande viwili vya karatasi moja ya kijivu, akiweke kimoja juu ya nyekundu na kingine juu ya kijani. Ataviona kama vitu viwili, cha kwanza kikielekea ukijani, cha pili wekundu. Akiviondoa, atakuta ni ndugu wa karatasi moja.

Rangi, basi, haihukumiwi peke yake. Kabla ya kuitupa iliyomo katika kibao chako, tazama kwanza imekaa na nani.